Mshono Ukishavuka Ziwa

Maambukizi mengi ya mshono wa upasuaji wa uzazi hujitokeza mama akishatoka wodini. Ndiyo maana wafuatiliaji huyahesabu hadi siku ya 30. Kwa mama aliyejifungulia Sengerema akarudi kisiwani Kome au Maisome, kwenda kuonyesha mshono ni mtumbwi, bodaboda na nauli ya msindikizaji. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limerahisisha safari ya Mwanza, si ya visiwani. Na tatizo si dogo: utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa 2011 ulikuta vidonda vimeambukizwa kwa zaidi ya robo ya wagonjwa 250 wa upasuaji mkubwa.

Dodoma walijaribu kufuatilia mshono kwa simu, wakachapisha matokeo 2017. Wanawake waliojifungua kwa upasuaji walipigiwa baada ya kuruhusiwa, wakaulizwa hali ya mshono, kisha majibu yakapimwa kwa yale yaliyoonekana walipochunguzwa hospitalini. Ulinganisho huo ndio uliobeba kazi nzima. Bila huo, simu ingebaki kujuliana hali tu. Simu ilikosa sehemu ya maambukizi, ila haikumzushia mtu ugonjwa asiokuwa nao.

Basi mama akisema mshono unatoa usaha, aaminiwe na aitwe. Akisema uko salama, daftari lisifungwe. Mshono wa uzazi uko chini kabisa ya tumbo, mwenyewe hauoni vizuri bila kioo. Halafu simu mara nyingi ni ya mume, na si kila mama atataja usaha wakwe wakisikiliza.

Kumtegemea mgonjwa kuna mipaka yake: mwongozo wa WHO wa 2009 kuhusu usafi wa mikono unahimiza mgonjwa ashirikishwe, hata kwa kumkumbusha mhudumu kunawa. Sina imani sana na hilo katika wodi zetu: aliyelala kitandani anamhitaji muuguzi usiku kucha, atathubutuje kumkosoa mchana? Kuhusu kidonda chake mwenyewe, hapo ana la kusema.

Kwa Sengerema ningeanzia kabla ya ruhusa. Mama na anayemuuguza waonyeshwe mshono ukiwa safi, wajue ulivyo leo. Anayepiga asiulize kama kuna maambukizi. Aulize, kwa Kisukuma au Kizinza ikibidi, kama nguo inalowa, kama mshono umeachia, kama kuna homa. Awe muuguzi mwenye mamlaka ya kumwita mama siku hiyohiyo, na vocha itoke hospitalini. Kwenye kadi ziandikwe namba mbili, ya pili iwe ya mwanamke.