Ngarambe Haikuhesabiwa, Bajeti Ikabadilika

Ngarambe, wilayani Rufiji, ni kijiji cha Kinjikitile, mganga wa vita vya Maji Maji. Mwaka 1904 na 1905 watu walitoka mbali kumfuata wapate dawa dhidi ya Mjerumani, na habari zake zikatembea kijiji kwa kijiji kwa minong'ono iliyoitwa njwiywila. Watawala walishtuka pamba ya kijiji cha Nandete imeshang'olewa. Miaka tisini baadaye Rufiji ilikuwa na shida ya kinyume: taarifa tele, zimepangwa kwenye vitabu vya takwimu za afya, MTUHA, katika zahanati, na hakuna aliyebadili mpango kwa sababu yake.

Ndipo ukaja TEHIP, mradi wa Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Nauchambua hapa kama mradi wa TEHAMA, ingawa wenyewe waliuita wa afya. Swali lao lilikuwa moja: wilaya ikipanga matumizi kwa kufuata maradhi yanayoua, badala ya mazoea, vifo vitapungua?

Swali hilo liliamua kila kitu kilichofuata. MTUHA humhesabu aliyefika zahanati, na watoto wengi wa Rufiji walikuwa wakifia nyumbani. Kwa hiyo ilibidi kwenda majumbani. Sensa ya kwanza ilianza mwishoni mwa 1998, ikifuatiwa na mizunguko mitatu kila mwaka, katika vijiji 31 vyenye watu wapatao 85,000, kituo kikiwa Ikwiriri. Palipotokea kifo, ndugu waliulizwa dalili za marehemu, na madaktari wakakadiria chanzo.

Eneo lote hilo liko kaskazini ya mto Rufiji. Ngarambe iko kusini, upande wa pori lililoitwa wakati ule Selous, wala haikuguswa. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Meneja wa leo angetaka kila kijiji kiingie kwenye mfumo ndipo uzinduliwe. Wao walichukua sampuli, wakaifuatilia kwa uaminifu mwaka baada ya mwaka, na mpango uliotokana nayo ukawa wa wilaya nzima, Ngarambe ikiwamo.

Kompyuta walikuwa nazo. Programu ya kusajili kaya haikuandikwa upya. Ilitoka katika kazi kama hiyo iliyofanyika Navrongo, Ghana. Ilikuwa na ukaguzi wa mantiki ndani yake: huwezi kumwandikia kifo mtu ambaye hajasajiliwa kwenye kaya. Lakini timu ya afya ya wilaya kule Utete haikupelekewa hifadhidata. Ilipelekewa grafu: hiki ndicho kinachoua, na hiki ndicho kiasi ambacho afua fulani ingeokoa. Chombo cha pili kilionyesha fedha zinakwenda wapi. Ukiviweka pamoja, aibu inajitokeza yenyewe. Kule Morogoro malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, na ilipewa asilimia 5 ya bajeti ya 1996.

Data ilivunja na dhana nyingine. Ilidhaniwa watoto wa degedege wanakufa kwa sababu wazazi wanakimbilia kwa waganga wa kienyeji. Mahojiano ya Rufiji yalionyesha wengi wa waliokufa kwa malaria walikuwa wamepelekwa kwenye huduma za kisasa. Kumbe kasoro ilikuwa pia upande wa pili wa dirisha la dawa.

Na usimamizi? Daraja la Mkapa juu ya mto huo lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo mto ulivukwa kwa kivuko, na masika barabara zilikuwa hazipitiki. Wilaya iligawanywa mafungu, kila kituo cha afya kikisimamia zahanati zilizo jirani, na mawasiliano yakawa ya redio za upepo zinazotumia umeme wa jua. Teknolojia ya zamani hata kwa wakati ule, ila ilisikika.

Fedha za ziada zilizotumika hazikufika dola moja kwa mtu kwa mwaka. Vifo vya watoto wadogo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Sitaki kuupa mfumo wa taarifa sifa zote. Matibabu jumuishi ya magonjwa ya watoto na vyandarua vilifanya kazi yao. Lakini mtu aliyeamua vipewe kipaumbele alikuwa ameiona ile grafu.

Linganisha na Uingereza, iliyoanza mwaka 2002 kujenga mfumo mmoja wa kompyuta kwa hospitali zake zote. Ilitumia mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Huko walianza na mfumo, kisha wakawatafuta wa kuutumia.

Basi ndugu mkurugenzi wa halmashauri, atakapokuja mwenye kampuni na kompyuta yake ya mkononi kukuonyesha mfumo mpya, mwombe kwanza akutajie uamuzi mmoja wa baraza lako utakaobadilika. Akishindwa, mpe chai umsindikize.