Kelele za Hadhira kama Hukumu: Bagika na Bagalu katika Uwanja wa Bujora

Katika uhakiki wa fasihi simulizi, hadhira hutajwa mapema na kusahauliwa mapema. Mulokozi (1989), katika makala yake ya jarida la Mulika kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliihesabu hadhira miongoni mwa mambo yanayoitawala fasihi hiyo, sambamba na fanani, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Wengi wetu huinukuu orodha hiyo katika utangulizi, kisha tukachambua maneno ya wimbo kana kwamba yaliimbwa chumbani. Tahakiki hii inadai kwamba, katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, uhakiki wa namna hiyo huiacha nje hukumu yenyewe.

Mfano ulio wazi ni sikukuu ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, mashariki mwa jiji la Mwanza. Sikukuu hii, ambayo kwa kawaida hufanyika mwezi Juni, inafungamana na maandamano ya Ekaristi Takatifu, na jina lake linatokana na maua. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeasisi makumbusho ya Bujora, aliipa ngoma ya Kisukuma nafasi katika maisha ya kanisa. Wanaoshindana ni Bagika na Bagalu, vyama ambavyo mapokeo huvihusisha na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Watazamaji wako huru kuhama, na kundi linalovuta umati mkubwa zaidi ndilo mshindi.

Kwa mantiki hiyo, vifijo, kusukumana na kukimbilia upande wa pili si vurugu zinazouzunguka utendaji. Hizo ndizo kura. Manju anapowadhihaki wapinzani wake, hatungi ili aeleweke tu, bali pia ili miguu ya watu ihame. Tungo isiyohamisha mtu imeshindwa, hata kama tamathali zake zitamfurahisha mhakiki mezani.

Msamiati wa Kiswahili wenyewe unatutahadharisha hapa. Tuna shangwe, nderemo na hoihoi kwa upande mmoja; fujo, ghasia na rabsha kwa upande mwingine. Sauti inayorejelewa yaweza kuwa ileile. Kinachobadilika ni msimamo wa anayeitaja. Ranger (1975), katika utafiti wake kuhusu beni, alionyesha kwamba ushindani wa Marini na Arinoti ulikuwa pia njia ya watu kujipanga na kujitafutia hadhi. Anayeuita ushindani wa aina hiyo fujo tangu mwanzo hatauona mpangilio huo.

Hata hivyo, pana pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Kwanza, umati waweza kuvutwa na kioja badala ya utungo: nyoka wa Bayeye huenda akaushinda ubeti mzuri. Hilo ni kweli, lakini linathibitisha kwamba utungo wa uwanjani haujawahi kuwa maneno matupu. Pili, si kila kelele ni hukumu. Walevi wanaoziba njia, au vijana wanaowabana wasichana katika msongamano, hawapigi kura. Wanawanyima wengine kura zao. Kigezo kinachopendekezwa hapa ni uhuru wa kuondoka. Pale ambapo mtazamaji anaweza kugeuka na kwenda zake, kelele ni uhakiki. Pale asipoweza, ni fujo, hata ikipambwa kwa vigelegele.

Kigezo hiki kina matokeo katika mbinu za utafiti. Kinasa sauti kinachowekwa karibu na mdomo wa manju huigeuza hadhira kuwa uchafu wa sauti. Unukuzi ulio kamili hauna budi kuonyesha umati ulikuwa wapi, ulihama wakati gani, na ni ubeti upi uliokuwa ukiimbwa pande zote mbili. Katika nukuu zangu za awali, mimi mwenyewe niliandika neno “kelele” ndani ya mabano, kisha nikaendelea na ubeti uliofuata. Maneno ya nyimbo hizo ninayo yote. Ni mstari upi uliowahamisha watu, sina tena njia ya kujua.