MKAZO WA NENO NA VIAMBISHI VYA YAMBWA: UHAKIKI WA KANUNI INAYOFUNDISHWA NUSU

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuihakiki kanuni ya mkazo wa neno katika Kiswahili Sanifu. Kanuni yenyewe si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba inafundishwa nusu. Mwanafunzi wa Kiswahili anaikariri mapema: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Akisha kuikariri hupewa jozi chache za maneno, nazo ni zile zile miaka nenda miaka rudi: barabára (njia) na barábara (sawasawa), walakíni (kasoro) na walákini (lakini), ála (chombo au uo wa kisu) na alá (neno la mshangao). Hapo somo hukoma. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba mkazo ni jambo la maneno matatu au manne ya ajabu, na kwamba maneno mengine yote hayana habari.

Swali lisiloulizwa ni hili: silabi ya pili kutoka mwisho wa neno lipi? Je, ni neno kama lilivyo katika kamusi, au ni neno lililokwisha kuvishwa viambishi vyake? Tutajaribu kuonyesha kwamba jibu la swali hilo ndilo kanuni yenyewe, na kwamba ushahidi wake ulio bora hupatikana katika viambishi vya yambwa, yaani vile vinavyomwakilisha mtendwa au mtendewa ndani ya kitenzi. Aidha tutalipima wazo ambalo huzuka mara kwa mara miongoni mwa walimu, kwamba Kiswahili kingefaidika kama kingeandikwa kwa alama za mkazo jinsi zinavyoandikwa baadhi ya lugha za Ulaya.

Katika mifano, alama iliyowekwa juu ya irabu au nazali huonyesha silabi yenye mkazo. Alama hiyo ni ya uchambuzi tu; si sehemu ya tahajia.

2.0 Ushahidi wa jina la mtaa

Mji wa Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, una mitaa ambayo majina yake ni somo tosha la mkazo. Bondeni, mmoja wa mitaa ya kale ya mji huo, ni bonde lililoongezwa kiambishi -ni cha mahali. Jirani yake, Kivumbini, ni kivumbi kilichoongezwa kiambishi hicho hicho. Mkazo umehama katika majina yote mawili: bónde, lakini bondéni, kivúmbi, lakini kivumbíni. Hakuna mkaaji wa huko asemaye *bóndeni, ingawa wengi wao walijifunza kwanza Kikuyu, Kikalenjin, Kijaluo au lugha nyingine ambamo toni ndiyo yenye kazi kubwa. Hawakufundishwa kanuni hiyo na mtu. Wameipokea pamoja na lugha.

Sasa tuzitazame sentensi mbili:

(1) a. Bónde ni pána.
    b. Bondéni pána wátu.

Katika (1a) tunaambiwa sifa ya bonde, na ni ni kitenzi kishirikishi kisichokuwa na mkazo wake. Katika (1b) tunaambiwa kwamba mahali hapo wapo watu. -Ni ni kiambishi, na pana si kivumishi tena. Herufi kumi na moja za mwanzo ni zile zile, kwa mpangilio ule ule. Anayesoma huokolewa na nafasi iliyoachwa kati ya maneno. Anayesikiliza hana nafasi ya kuiona. Huokolewa na mkazo. Kwa hiyo mkazo hapa haulipambi neno. Unamwambia msikilizaji neno limekoma wapi, na kwamba silabi iliyofuata ni mali ya neno lililotangulia au la.

Jambo hili ni zito kuliko jozi ya barábara na barabára. Jozi hiyo huwakuta wasemaji mara chache, na muktadha karibu kila mara huitatua. Zaidi ya hayo, tofauti yake hufutika mara tu neno linapopata kiambishi: barabaráni haiwezi kuwa na maana nyingine isipokuwa ya njia. Vivyo hivyo lázima, neno ambalo wasemaji wengi hulitamka kwa mkazo wa silabi ya tatu kutoka mwisho, huacha upekee wake likinyambuliwa: lazimísha, lazimíka. Hata maneno yanayoasi huitii kanuni pindi yanapoongezwa kitu nyuma.

3.0 Viambishi vinavyofuata

Kiambishi -ni cha mahali hakiko peke yake. Vipashio vingi vinavyounganishwa mwishoni mwa neno huuvuta mkazo:

(2) a. karíbu : karibúni
    b. séma : seméni
    c. waséma : wasemáje
    d. wafánya : wafanyáni (wafanya nini)
    e. bába : babángu
    f. ndúgu : ndugúye
    g. asóma : asomáye

Katika (2a) na (2b) -ni ni ya kuwahutubu watu zaidi ya mmoja. Katika (2d) ni ya kuuliza. Ni tatu hizi, pamoja na ile ya mahali, zina asili na kazi mbalimbali, lakini mbele ya kanuni ya mkazo zote ni sawa. Mfano (2g) unafaa kulinganishwa na aliyesóma. Kirejeshi ni kile kile, -ye. Kikikaa mwishoni huuhamisha mkazo. Kikikaa katikati hakiugusi. Basi kinachoamua si aina ya mofimu wala maana yake. Kinachoamua ni mahali ilipokaa.

Hata mazungumzo yasiyo sanifu yanathibitisha jambo hili. Katika sehemu nyingi za bara la Kenya, Bonde la Ufa likiwamo, husikika kiambishi -nga cha mazoea: anaséma huwa anasemánga, anakúja huwa anakujánga. Mwalimu ana haki ya kukisahihisha kiambishi hicho katika insha. Hata hivyo mwanaisimu hana budi kukiri kwamba msemaji amekiunganisha kwa kuifuata sheria ya Kiswahili barabara.

4.0 Viambishi vya yambwa

Kiambishi cha yambwa hukaa mbele ya mzizi, kwa hiyo kwa kawaida hakiuhamishi mkazo: alisóma, alikisóma, alipokisóma. Neno limerefuka upande wa kushoto, na upande wa kulia umebaki vile vile. Pengine ndiyo sababu vitabu vingi vya shule haviutaji mkazo kabisa vinapoeleza yambwa. Lakini zipo hali mbili ambazo ukimya huo hauna udhuru.

4.1 Vitenzi vya silabi moja

Mizizi kama -la, -pa, -nywa na -fa pamoja na irabu yake ya mwisho hutoa silabi moja tu, na silabi hiyo ndiyo ya mwisho wa neno. Mkazo basi hauna budi kuangukia kiambishi kilichotangulia:

(3) a. nípe, wápe, ḿpe
    b. nipéni, wapéni, mpéni

Katika (3a) yambwa yenyewe ndiyo iliyobeba mkazo, hata pale ilipo nazali tupu. Katika (3b), alipoongezwa mhutubiwa mwingine, yambwa imenyang'anywa mkazo huo.

Sasa tulinganishe:

(4) a. amekúla
    b. amekíla (chakula)
    c. amewála (mbuzi)
    d. *amela

Mwanafunzi huambiwa kwamba vitenzi vya silabi moja "huchukua ku", na kwamba ku hiyo "huondoka" yambwa inapoingia. Haambiwi kwa nini. Sababu ni mkazo, nayo imekuwa ikijulikana kwa wanasarufi tangu zamani. Viambishi vya wakati -me-, -na-, -li- na -ta- havibebi mkazo. Ku huwekwa ili iubebe. Yambwa inaweza kuubeba, kwa hiyo ikifika, ku haina kazi tena. Ndiyo maana pia ku haihitajiki katika akála, akíla wala húla, kwa kuwa -ka-, -ki- na hu- ni viambishi vyenye uwezo huo. Mambo matatu yanayofundishwa kama matatu, na kukaririwa kama matatu, kumbe ni jambo moja. Huu ndio ubaya wa kuiweka sura ya mkazo mwanzoni mwa kitabu, pamoja na konsonanti na irabu, halafu kuisahau inapofika sura ya vitenzi.

Ni haki kutaja pia mahali ambapo mkazo haumsaidii msikilizaji. Zimwi la hadithi likisema nitakúla, huenda linataka chakula chochote, huenda linamtaka yule yule anayelisikiliza. Ku ya kwanza ni ya kubebea mkazo. Ku ya pili ni yambwa ya nafsi ya pili. Umbo ni moja na mkazo ni mmoja. Hakuna alama itakayozitenga maana hizo; hadithi yenyewe ndiyo itakayozitenga. Kitenzi -pa hakina utata huo, kwa sababu hakikai bila yambwa: nitakúpa ni wewe tu.

4.2 Yambwa yenye mkia

Ipo yambwa moja ya Kiswahili ambayo nusu yake hukaa mbele na nusu yake nyuma, nayo ni ya nafsi ya pili wingi:

(5) a. nakuambía : nakuambiéni
    b. nawapénda : nawapendéni

Nawapénda inaweza kuwa ya ninyi au ya wao. Nawapendéni ni ya ninyi tu. Kuhama kwa mkazo ndiko kunakomtahadharisha msikilizaji kwamba mkia umeongezwa, na kwamba maneno yanamhusu yeye. Anayehutubia mkutano na kuutamka mkazo wa umbo hili kana kwamba ni nawapénda atakuwa ameufifisha mkia huo, na pamoja nao ile heshima ya kuwakabili wasikilizaji wake.

5.0 Kulinganisha na Kihispania

Wanaotaka alama za mkazo hutaja Ulaya kwa jumla. Ni bora kuitaja lugha moja, na Kihispania ndicho kinachofaa, kwa kuwa nacho huunganisha viwakilishi vya yambwa na kitenzi. Tofauti ni kwamba katika amri, katika jina la kitenzi na katika umbo la kuendelea, huviunganisha nyuma.

Neno compra ni amri ya kununua. Likiongezwa yambwa lo huandikwa cómpralo. Da ni amri ya kutoa. Nipe ni dame. Nipe hicho ni dámelo. Mkazo hauondoki katika silabi ya kitenzi hata viwakilishi vikiwa viwili. Kanuni ya maandishi ya lugha hiyo husema kwamba neno linaloishia kwa irabu, n au s husomwa kwa mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa liwe na alama. Dame inaafiki kanuni hiyo, kwa hiyo haina alama. Dámelo inaikiuka, na bila alama ingesomwa vingine. Comprarlo, yaani kukinunua, haina alama kwa kuwa mkazo wake umekwisha kuangukia silabi ya pili kutoka mwisho.

Alama hiyo basi inalipia gharama ya jambo maalumu: mkazo wa Kihispania hukaa na kitenzi, na viwakilishi hupachikwa nje yake. Wahispania wenyewe huipunguza pale isipohitajika. Zamani iliandikwa déme, kwa sababu tu dé peke yake ina alama; tangu mwongozo wa tahajia wa Real Academia Española wa mwaka 1999 huandikwa deme, kwa kufuata kanuni ya jumla.

Mkazo wa Kiswahili haukai na kitenzi. Hukaa na neno zima, na neno likirefuka nyuma, nao husogea. Tungeandika bondéni, seméni na nawapendéni, alama isingemwambia msomaji lolote ambalo mwisho wa neno haujamwambia. Tungeijaza kurasa alama elfu kwa ajili ya maneno manne.

Wala si kwamba jambo hili ni geni kwetu. Katika miswada ya kale iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, waandishi mara nyingi waliiandika irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho kwa herufi ya kurefusha, na hivyo mkazo ukaonekana kwa jicho. Tahajia ya Kilatini, ambayo ilisanifiwa chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, haikuchukua desturi hiyo. Ilitegemea kitu kingine, yaani nafasi kati ya maneno. Na hapo ndipo penye hatari yetu halisi.

6.0 Mkazo na mipaka ya maneno

Ikiwa nafasi ndiyo inayomwonyesha msomaji mahali pa mkazo, basi kukosea nafasi ni kuuharibu mkazo. Mwanafunzi aandikaye wasema je badala ya wasemaje, au baba ngu badala ya babangu, hafanyi kosa la kalamu tu. Anamwelekeza msomaji wake kutamka maneno mawili pasipo na mawili. Kwa kosa la namna hiyo hukatwa alama bila kuonyeshwa njia ya kujisahihisha. Njia ipo, nayo iko kinywani mwake: alitamke neno na kusikiliza. Mkazo ukihama, aunganishe, usipohama, atenganishe. Kwa kipimo hicho atajua kwamba je ya Je, walíma? husimama peke yake, na -je ya Walimáje? ni kiambishi; kwamba na mími ni maneno mawili, na námi ni moja.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kinafaa kwa vinavyounganishwa nyuma, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyousogeza mkazo. Kwa vinavyotangulia hakitoi hukumu ila katika vitenzi vya silabi moja. Atakayekitumia kuamua kama a- ya alisóma ni kiambishi au ni neno hatapata jibu. Huko atahitaji ushahidi wa upatanisho wa kisarufi.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kanuni ya mkazo ingefaa kutajwa hivi: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno lililokamilika, pamoja na viambishi vyake vyote. Nyongeza hiyo fupi inaeleza majina ya mitaa ya Nakuru, ku ya amekula, tofauti ya nipe na nipeni, na mkia wa nawapendeni. Wazo la kuleta alama za mkazo katika maandishi ya kawaida halina haja. Alama zitumike katika kamusi kwa maneno machache ya pekee, na katika uchambuzi kama huu. Kinachohitaji kubadilishwa ni mpango wa vitabu: mkazo usifundishwe mara moja na kuachwa, bali urudiwe kila kiambishi kipya kinapofundishwa, na jozi ya barabara iondolewe kwenye kiti cha mbele ilichokikalia muda mrefu mno.