Kabla Desibeli Haijaandikwa

Ndani ya kengele ya mlangoni, ndani ya saa ya mezani inayolia alfajiri, mna kisahani chembamba cha shaba ya manjano chenye upana wa milimita 27 hivi, na juu yake pamebandikwa duara jeupe la kauri. Kikipewa umeme kinatetema na kulia. Kikigeuziwa kazi, yaani sauti ndiyo inayokisukuma, kinatoa umeme. Tabia hiyo ya fuwele ilionyeshwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin aliitumia huko Ufaransa katika kusaka nyambizi. Leo kisahani hicho utakikuta hata kwenye boksi la vifaa vibovu la fundi redio.

Kukigeuza kiwe haidrofoni, yaani sikio la majini, si kazi kubwa. Unakilehemu kwenye waya wa maikrofoni wenye kinga ya nyuzi za shaba, unakizamisha chote ndani ya gundi ya epoksi ili maji ya chumvi yasikiguse, unakiunga na amplifaya na hedifoni, kisha unakishusha kando ya mashua karibu na matumbawe. Mara ya kwanza mtu hudhani waya umekatika ndani, maana kinachosikika ni mchakacho usiokoma, kama mafuta ya vitumbua yaliyodondokewa na maji. Hao ni kamba wadogo wenye gando moja kubwa kuliko jingine. Mwaka 2000 Michel Versluis na wenzake walionyesha kwamba mlio huo hautokani na gando kugongana, bali gando likifungwa kwa kasi huzaa kiputo, na kiputo hicho kikijifinya ghafla ndipo panapopasuka sauti.

Hapo umesikia. Ninachotaka kuchambua ni hatua inayofuata, ambayo wengi wanaojenga vifaa hivi huiruka: kutoka kusikia kwenda kupima.

Kawaida mambo huenda hivi. Mjenzi anaunga kisahani chake na Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta, anasoma namba zinazoingia, anazipitisha kwenye kanuni ya logi aliyoikuta mahali, na skrini inaandika desibeli 68. Namba hiyo haina maana yoyote, na nasema hivyo nikiheshimu kazi ya aliyekijenga. Desibeli ni uwiano. Haisemi kitu mpaka itajwe inalinganishwa na nini. Hewani tunalinganisha na shinikizo la mikropaskali 20. Majini tunalinganisha na mikropaskali 1. Kwa tofauti hiyo peke yake, shinikizo lilelile huandikwa kwa desibeli 26 zaidi likiwa majini. Ndiyo maana anayechukua kelele ya meli iliyopimwa majini na kuiweka sambamba na kelele ya ndege iliyopimwa angani anapotosha bila kukusudia.

Hesabu sahihi ni ya kujumlisha na kutoa tu, lakini inadai namba tatu za uhakika. Tuchukue haidrofoni yenye usikivu wa hasi 190: maana yake mikropaskali moja inazaa umeme ulio desibeli 190 chini ya volti moja. Aquarian H1a, inayopendwa na wanaorekodi kwa mapenzi yao, iko hapo; ile ya maabara, 8103 ya Brüel & Kjær, iko hasi 211. Amplifaya yetu inakuza mara 100, yaani desibeli 40. Arduino inasoma volti 0.1, ambayo ni hasi 20. Toa 40 ya amplifaya, ongeza 190 ya haidrofoni, unapata desibeli 130 kwa msingi wa mikropaskali 1. Ikikosekana moja kati ya hizo tatu, hakuna kipimo.

Hesabu hiyohiyo inakueleza pia kifaa chako kinaweza nini. Uno inagawa volti 5 katika ngazi 1,024, kila ngazi milivolti 4.9 hivi. Kwa mnyororo tulioueleza, sakafu ya kifaa, yaani kelele ya kukadiria ndani ya ngazi moja, inaangukia karibu na desibeli 93, na dari yake, kilele cha sauti kabla umeme haujagonga ukingo, ni 158. Bahari ya pwani siku ya utulivu haiko mbali juu ya sakafu hiyo. Bomu la mvuvi wa baruti, hata likilipuka mbali, linapita dari. Ukiondoa ukuzaji wote dari inapanda hadi 198, lakini sakafu nayo inapanda 40, na wale kamba wanazama ndani yake. Huwezi kuwa na vyote viwili kwa ngazi 1,024, kwa hiyo uamuzi wa unachokitafuta unakuja kabla ya kushika chuma cha kulehemu.

Kosa linalonisikitisha kuliko yote liko kwenye rezista moja. Kisahani chetu kina tabia ya kapasita ya nanofaradi 20 hivi, na kapasita ikikutana na rezista inakuwa chujio: sauti nzito zinazuiwa, nyembamba zinapita. Ili kupata mpaka wa chujio, zidisha 6.28 kwa rezista na kwa kapasita, kisha gawa 1 kwa jibu lake. Weka rezista ya kilo-omu 10, ile iliyojaa kwenye kila kijaluba cha vifaa vya kujifunzia, na mpaka unaangukia hezi 800. Mngurumo wa injini ya boti, milio ya samaki wengi, na sehemu kubwa ya nguvu ya mlipuko vinabaki nje ya mlango. Kifaa kitaripoti bahari tulivu, na mjenzi ataamini. Weka megaomu 1, na mpaka unashuka hadi hezi 8. Arduino yenyewe haiipendi rezista kubwa namna hiyo, kwa sababu kiingilio chake kinataka chanzo kisichozidi kilo-omu 10. Katikati panahitajika op-ampu isiyokuza, inayopokea kwa wepesi na kupitisha, na umeme wa katikati wa volti 2.5 ili upande hasi wa wimbi usipotee.

Basi kwa nini tusiweke megaomu 100 tukasikia kila kitu? Kwa sababu ya mawimbi ya juu. Sentimita moja ya maji ya bahari ina shinikizo la paskali 100 hivi, na paskali 100 kwa msingi wa majini ni desibeli 160. Haidrofoni iliyoning'inizwa ubavuni mwa ngalawa ikipanda na kushuka sentimita 10 inapigwa na 180, na hakuna chochote kilicholia popote. Sikio halijui, maana mpigo ni mmoja kila sekunde kadhaa, lakini amplifaya inajua: inashiba, inagonga ukingo, na kila sauti halisi iliyokuwa inapita wakati huo inakatwa kichwa. Kwa wimbi la sekunde tano, chujio letu la hezi 8 linapunguza pigo hilo kwa desibeli 32. Zinabaki 148, chini ya dari yetu ya 158. Kusi likivuma na ngalawa ikacheza mita nzima, zinabaki 168, na chujio pekee halitoshi tena.

Hapo ufundi wa umeme unampisha mvuvi. Haidrofoni haifungwi kwenye chombo. Inafungwa kwenye boya dogo lake, kati yake na boya pakiwa na mpira unaonyumbuka, kwa mfano utepe mrefu uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na chini yake jiwe la kuivuta. Boya linacheza, mpira unanyooka na kulegea, haidrofoni inabaki karibu palepale. Halafu kuna mkondo: maji ya bamvua yakikimbia, kamba yenyewe inavuma kama uzi wa zeze, na mvumo huo unaingia kwenye kipimo kana kwamba ni wa bahari. Pima maji yanaposimama, kati ya kujaa na kupwa. Chombo kizime injini, na watu wasiburute viatu kwenye sakafu ya mbao.

Kasi ya kusoma inahitaji maneno machache tu. Kwa mpangilio wake wa kawaida Uno inasoma sampuli 9,600 hivi kwa sekunde, kwa hiyo inaona kweli mpaka nusu yake, hezi 4,800. Kilicho juu ya hapo hakipotei, kinarudi kwa sura nyingine: mlio wa kamba wa hezi 7,000 unajitokeza kwenye rekodi kama sauti ya 2,600. Kwenye maji ya matumbawe, ambako kamba hao hawanyamazi, rekodi isiyochujwa imejaa sauti ambazo hazikuwako. Chujio la pili, la kukata zilizo juu, linakaa kabla ya Arduino. Programu haiwezi kurekebisha baadaye. Isitoshe, kumbukumbu ya Uno ni baiti 2,048, inayojaa kwa takribani sehemu ya kumi ya sekunde. Wanaotaka kuendelea huhamia Teensy 4.0 na bodi yake ya sauti, yenye njia mbili na sampuli 44,100 kwa sekunde katika kila njia. Wengine huchukua kirekodi cha AudioMoth, kazi ya Andrew Hill, Peter Prince na Alex Rogers wa Uingereza, inayofika sampuli 384,000, au ndugu yake wa majini, HydroMoth. Huyo wa majini ana maikrofoni iliyofungiwa ndani ya kasha. Sauti inapita ukuta wa kasha kabla ya kufika, na ukuta una mlio wake. Ni kirekodi kizuri, ila namba zake nazo zinahitaji kulinganishwa kabla ya kuitwa shinikizo.

Kulinganisha kunafanyikaje nyumbani? Si kwenye ndoo. Kwa hezi 1,000 wimbi moja la sauti majini lina urefu wa mita moja na nusu. Ndoo haina nafasi hata ya wimbi moja. Bwawa la kuogelea linasaidia kidogo. Spika ya majini na haidrofoni zikiwa mita moja chini na mita moja baina yao, mwangwi wa uso wa maji unafika milisekunde 0.8 baada ya sauti yenyewe. Ndani ya dirisha hilo mlio wa hezi 5,000 unapata mizunguko minne, unapimika. Ulio chini zaidi unaingiliwa kabla haujatulia. Njia ya haki kwa sauti nzito ni kuazima haidrofoni yenye cheti, kuifunga bega kwa bega na yako, na kuzishusha pamoja kwenye maji ya kina. Mwangwi ukija unazipiga zote mbili sawa, na tofauti ya usomaji wao ndiyo kosa la yako, sauti kwa sauti.

Asiyeweza kuazima asikate tamaa, kwa kuwa yapo maswali makubwa yasiyohitaji desibeli hata moja. Mwaka 1826, kwenye Ziwa Geneva, Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walipiga kengele chini ya maji huku baruti ikiwashwa juu kwa wakati uleule, na upande wa pili wa ziwa msikilizaji akapima muda kati ya mwanga na mlio. Walipata mita 1,435 hivi kwa sekunde katika maji ya baridi. Ukubwa wa sauti hawakuugusa. Walipima muda.

Pwani ya Tanzania ina swali la aina hiyo. Uvuvi wa baruti unavunja matumbawe na kuua samaki wadogo kwa wakubwa, na mlipuko unaopigwa nyuma ya kisiwa haumfikii mlinzi aliye nchi kavu. Mwezi Machi na Aprili 2015, Gill Braulik na wenzake walisafiri kilomita 2,692 kwenye pwani hiyo wakiwa na haidrofoni majini kwa saa 231. Programu iliyofundishwa kwa mifano ilichambua rekodi, na milipuko 318 ikathibitishwa. Karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Matokeo hayo yalisimama juu ya kuhesabu, na kuhesabu kunawezekana hata kwa kisahani cha kengele, mradi kifaa kitofautishe mlipuko na kasia lililogonga ubavu wa chombo.

Ukitaka kujua pia mlipuko ulitokea upande gani, shusha haidrofoni mbili, mita 300 baina yao, kila moja na kirekodi chake. Katika maji ya nyuzi 28 sauti inakwenda mita 1,541 kwa sekunde, hivyo tofauti ya kufika haizidi sekunde 0.195, na ndani ya tofauti hiyo ndogo umo mwelekeo wote. Hapa saa ndiyo inayoamua. Kidhibiti mwendo cha Uno ni cha kauri, na kinaruhusiwa kupotoka hadi sehemu tano kwa elfu: sekunde 18 kwa saa. Fuwele ya kwatsi yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni inapotoka sekunde 0.072 kwa saa, ambazo majini ni mita 111. Dawa ni kipokezi cha GPS chenye mpigo mmoja kila sekunde. Mawimbi yake hayafiki chini ya maji, kwa hiyo kipokezi kinakaa juu, kwenye chombo au boya, na mpigo wake unaingizwa kwenye njia ya pili ya bodi ya sauti. Upande mmoja wa rekodi ni bahari, upande wa pili ni saa, na zote mbili zimeandikwa kwenye faili moja.