Luther Hakuifuta Sheria

Wapo wenzetu wanaodai kuwa Waprotestanti wameifuta Sheria kwa jina la neema. Hoja hiyo haina mashiko. Kweli, Martin Luther katika tafsiri yake ya mwaka 1522 aliongeza neno "tu" kwenye Warumi 3:28, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani tu. Neno hilo halimo katika Kigiriki, na Yakobo 2:24 inasema kinyume chake waziwazi. Lakini mwanafunzi wake, Johann Agricola, alipodai kuwa Sheria haifai kuhubiriwa kanisani, ni Luther huyo huyo aliyempinga kuanzia 1537. Na Katekisimu zake za 1529 zinaanza na Amri Kumi! Kwake, utiifu ni tunda la imani. Yakobo anadai zaidi ya hapo.