Fundi Anayekataa Kazi

Wakazi wa Ilala wenye mashamba Mkuranga na Kisarawe hawakosi chuma kilichovunjika, na chuma hicho husafiri kuja mjini: ekseli ya tela, mkono wa pawatila, mguu wa plau. Kuanzia Mchikichini hadi Gerezani mafundi wa kuchomelea si haba. Kazi ni kuchagua.

Pongezi zangu ni kwa yule asiyekimbilia mashine. Kwanza hugusisha chuma kwenye grainda, akatazama cheche. Chuma cha kawaida hutoa cheche ndefu za manjano. Cha kusubu hutoa fupi, nyekundu, zilizofifia. Hiki cha pili ukikichomelea kikiwa baridi kitapasuka kando ya mshono, pengine kabla hujafika Kongowe. Anayejua hukipasha moto kwanza, hutumia fito za nikeli, kisha hukifukia mchangani kipoe polepole.

Zitazame na fito zake. Namba 6013 zinafaa mageti na madirisha, ndiyo riziki ya mjini. Kiungo kinachobeba mzigo mzito ni afadhali kipate 7018, nazo haziutaki unyevu, tena kwa hewa hii ya Dar! Ukimkuta amezifungia kwenye chombo kikavu, mpe kazi, hata bei ikiuma.

Sahani ya plau ni habari nyingine. Imetiwa ugumu kiwandani, na moto wa kuchomelea huuharibu. Hapo fundi wa kweli husema, "Mzee, hii usinipe hela, kanunue nyingine," akageukia geti lake.