Mapovu ya Bragg yalinifundisha nusu ya chuma

Leo siji na siasa, wala na mambo ya kutafuta kazi. Nakuja na kritiki ya kazi moja ya kisayansi yenye wengi wetu tuliosoma metaliriji ao mekanika tulionyeshwa: mapovu ya sabuni ya Bragg na Nye, ya mwaka 1947. Ninaipenda sana. Lakini iliniacha na kosa moja kichwani, na lile kosa lilimuumiza kijana wa watu. Njo maana naandika.

Kwanza tuipe haki yake. Bragg na Nye walichukua maji ya sabuni, wakapuliza hewa kwa mrija mwembamba wenye kuwa chini ya maji. Mapovu yakatoka yote ukubwa mumoja, milimita moja ao chini yake, yakajipanga juu ya maji kama mahindi kwenye gunzi. Kila povu ni atomu. Ukisukuma ukingo wa lile tabaka, hauoni safu nzima ikihama kwa mara moja. Unaona kasoro ndogo, mahali safu moja inakosa mwenzake, inakimbia toka upande huu mpaka ule. Ikifika ukingoni, safu imesogea hatua moja. Ile kasoro njo dislokasiyo.

Juu ya nini ilikuwa jambo kubwa? Mwaka 1926 Frenkel alipiga hesabu: kama safu zote za atomu zinateleza pamoja, shaba ingehitaji nguvu ya gigapaskali kadhaa ili ipindike. Kumbe kristali moja ya shaba safi inaanza kuteleza karibu na megapaskali moja. Tofauti ni mara maelfu! Mwaka 1934 Taylor, Orowan na Polanyi, kila mutu kwa upande wake, wakatoa jibu: chuma haitelezi yote pamoja, inateleza kupitia dislokasiyo. Ni kama kusogeza mkeka muzito: ukiuvuta wote unakushinda, lakini ukitengeneza kikunjo kimoja na kukisukuma mpaka mwisho, unasogea. Lakini mpaka 1956 hakuna mutu alikuwa ameona dislokasiyo ikitembea ndani ya chuma. Mwaka ule njo Hirsch na wenzake kule Cambridge waliziona kwa mikroskopu ya elektroni, ndani ya aluminiyumu. Kwa hiyo, kwa miaka karibu kumi, mapovu yalikuwa macho yetu. Hiyo si kitu kidogo.

Sasa nifike kwa kosa langu.

Nilikuwa nimemaliza masomo, diploma bado inanukia wino. Familia ilikuwa inajenga nyumba. Ferabeto za milimita 12 zilifika kama kawaida yetu: zimekunjwa katikati ili zienee kwenye gari. Masoni, papa mwenye uzoefu, alisema tukate pale penye kukunjwa, tutupe kile kipande. Mimi nikakataa. Nikasema: papa, hapana, tunyooshe kwa nyundo. Tena nikamwongezea masomo: chuma ikipindwa ikiwa baridi inakuwa na nguvu zaidi, tulisoma, inaitwa ekruwisaji. Akaniangalia, akasema: "Sawa, enjenyeri." Wakanyoosha. Siku ya pili kijana wa mukono alikuwa anapinda ndoano, na bahati mbaya ilianguka palepale penye kikunjo cha kwanza. Ferabeto ikakatika pakaa! Ncha ikamchana kiganja. Papa masoni hakunigombeza. Alisema tu: "Nilikuambia tukate."

Nilirudi nyumbani na haya. Nikafungua makaratasi yangu ya kozi na kujiuliza: ni wapi nilidanganywa? Hakuna alinidanganya. Nilikuwa nimesoma nusu.

Kritiki ya kwanza njo hii. Mapovu yenye tulionyeshwa ni tabaka moja, bapa. Dislokasiyo inakimbia, inatokea ukingoni, imekwisha. Ukisukuma tena, tabaka inateleza karibu sawasawa na mara ya kwanza. Haichoki. Lakini chuma ya kweli iko na tabaka nyingi zenye kukatana kwa pembe tofauti. Dislokasiyo za tabaka hili zinakutana na za lile, zinafungana kama pikipiki na taxi kwenye rond-point bila polisi. Na kadiri unapinda, zingine zinazaliwa. Katika sentimita moja ya mraba ya shaba iliyolainishwa kwa moto, zinapita kama milioni moja mpaka milioni mia. Ukiisha kuigonga sana, zinafika bilioni mia na kupita. Njia zinafungwa. Ile kufungwa njo inaitwa nguvu. Na palepale njo upungufu unaanza: chuma yenye haiwezi tena kuteleza, ukiilazimisha, inapasuka. Nguvu yenye niliisifu kwa papa masoni ilikuwa imelipwa kwa unyumbufu wa chuma, na mimi nilisoma upande mumoja tu wa hesabu.

Kritiki ya pili: wakati. Bragg na Nye walionyesha pia atomu ya kigeni, povu moja lenye ukubwa tofauti katikati ya mengine. Vizuri. Lakini povu lile linakaa pale lilipo. Ndani ya feri, atomu ndogo za kaboni na azoti zinatembea polepole, zinaenda kukaa karibu na dislokasiyo na kuzishika. Cottrell na Bilby walieleza jambo hilo mwaka 1949. Ferabeto iliyokunjwa, ikalala kwenye jua wiki nzima, inaweza kuwa kavu zaidi kuliko siku ilikunjwa. Mapovu hayawezi kukuambia hivyo.

Lazima niwe wa haki. Wenyewe waliandika kwamba ni mfano. Walijaribu pia mapovu ya tabaka nyingi, na walionyesha namna kuyakoroga kunapanga upya fujo, karibu kama moto unavyofanya. Kosa haliko kwao. Kosa ni kwetu, tunaochukua picha nzuri na kufunga somo pale. Kwenye egzame tuliulizwa kuchora dislokasiyo. Hakuna alituuliza: chuma hii ilishapindwa mara ngapi?

Na hapa Katanga tungepaswa kujua. Mafundi wa Bayeke kule Bunkeya walikuwa wanavuta waya wa shaba zamani, kabla ya kampuni yoyote. Mutu yeyote mwenye kuvuta waya anajua: ukivuta mara kadhaa inakuwa ngumu, lazima irudi motoni ilainike, kisha uvute tena. Ile safari ya kwenda motoni na kurudi njo nusu yenye ilinikosa. Leo tunatoa kato za shaba, tunazipakia kwenye gari, zinaenda kuvutwa waya inchi za watu. Sisi maenjenyeri tunajua kuitoa kwenye jiwe, lakini kuipinda tunawaachia wengine. Labda njo maana kozi inaishia kwa mapovu.

Ombi langu kwa ma-asistanti wenye kusoma hapa ni dogo. Onyesheni mapovu, ni mazuri. Halafu mpe kila mwanafunzi kipande cha waya wa shaba. Aupinde na kuunyoosha palepale mpaka ukatike, ahesabu mara ngapi. Kipande cha pili apinde mara chache, akipashe moto mpaka kiwe chekundu, kipoe, kisha aendelee na kuhesabu. Ni TP ya dakika ishirini, bei yake ni waya na mukaa tu.

Yule kijana mukono wake ulipona, kovu liko. Siku tulimaga dalle nilienda kumwomba msamaha, na papa masoni pia. Na ninyi wandugu, ni kozi gani ilikupa nusu, na nusu ya pili ulilipa wapi?